Mshauri Amepewa Ng'ombe

Kama ukurasa wangu wa gazeti wa wiki jana ulifungiwa mandazi kabla hujausoma, usijali. Nitakuweka sawa kwa maneno machache, halafu tuendelee na aibu yangu.

Naitwa Nailantei. Niko na kampuni ya kutengeneza mala, maziwa ya kugandisha, hapa Kitengela, inaitwa Naaoto. Niliianza na sufuria mbili na mume mmoja. Sufuria bado ninazo. Mume, Samuel, aliondoka na mama mmoja anayeuza nyanya za Loitokitok kwa jumla, na alipoondoka hakimu akampa hisa sawa na zangu, kwa sababu eti naye alikoroga maziwa.

Samuel hataki kurudi kwenye kitanda changu, na kwa hilo namshukuru Mungu. Anachotaka ni kiti changu cha ofisini.

Hisa zilizobaki ziko kwa Mzee Parsaoti, mwenyekiti wetu. Alikuwa rafiki wa marehemu baba yangu, na akina mama wote wanaotuletea maziwa wanamsikiliza yeye kabla ya kunisikiliza mimi. Mzee akisimama na mimi, kampuni ni yangu. Akisimama na Samuel, nafunga virago mchana kweupe.

Ndiyo maana nilikimbilia soko dogo la hisa, lile la kampuni changa. Tukiingia huko tutauza hisa mpya kwa watu wengi, na hakuna mtu mmoja atakayeamka asubuhi akaamua kunifukuza. Lakini hauingii tu hivi hivi. Lazima uwe na mshauri, mtu wa nje asiye na chake ndani ya kampuni, aichunguze, aandike ripoti na aweke jina lake hapo chini.

Mshauri wetu ni Roy Ochola, kijana wa Nairobi mwenye suruali ya kubana na tabia ya kuuliza maswali mara mbili. Wiki jana niliwaacha yeye akiwa amesimama kwenye boma la Mzee Parsaoti, ameshikishwa kamba. Upande wa pili wa kamba kulikuwa na ng'ombe.

Sasa sikiza nilichofanya.

"Huyu ni wa nini?" Roy aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Ni wako."

"Wangu kivipi?"

"Umepewa. Mzee amekupenda."

Roy alimtazama ng'ombe. Ng'ombe, mweusi mwenye baka jeupe tumboni, alikuwa anatazama suruali ya Roy.

"Nailantei, mimi ni mshauri. Siruhusiwi kupokea kitu."

"Wanasiasa wakija huku si hupewa mbuzi kila siku? Wanashika kamba, wanapigwa picha, wanaenda nyumbani. Umewahi kuona mbuzi kwenye gari la mheshimiwa?"

"Kwa hivyo ni ya picha tu."

"Ni ya picha tu," nikasema.

Huo ulikuwa uongo, tena wa kukolea. Shetani alinipitia, na badala ya kumfukuza nikamwekea kiti. Nilijiambia kwamba mshauri mwenye ng'ombe kwenye boma la mwenyekiti hawezi kuandika ripoti mbaya hata akitaka. Nilijiona mjanja. Nilicheka kimoyomoyo nikampiga Roy picha, nikamwambia ashike kamba vizuri.

Mzee Parsaoti hakuwa anacheza. Alimtemea Roy mate kidogo kwenye kiganja, baraka za wazee, na Roy akaanza kutafuta kitambaa. Nikamkazia macho akakiacha mfukoni.

"Kuanzia leo," Mzee akasema, "sitakuita Roy. Nitakuita Pakiteng. Na wewe utaniita Pakiteng. Umesikia?"

"Pakiteng," Roy akasema, na akatabasamu akidhani amepewa jina la utani.

Kwa wasomaji ambao hawajakaa na sisi Wamaasai, wacha niwaeleze. Kwetu mtu akikupa ng'ombe kwa moyo wake, majina yenu yanakufa hapo. Mnaitana Pakiteng mpaka kaburini. Shida yake ni yako. Akija mlangoni kwako kuomba kitu, unampa, na ukimnyima watu watakuzungumzia mpaka Ewuaso Kedong.

Haya yote niliyajua. Roy hakujua. Njiani kurudi Kitengela alikuwa na furaha, akamtumia mama yake picha. Mama yake akapiga simu kuuliza kama hiyo ni mahari na ni ya nani, na kwa nini ni mmoja.

Alhamisi ikafika, siku ya wawekezaji.

Tulikodi ukumbi wa hoteli karibu na barabara ya Namanga. Chai, mandazi, na mala yetu kwenye vikombe vidogo ili watu waonje wanachoombwa kununua. Walikuja wengi, lakini macho yangu yalikuwa kwa wawili.

Wa kwanza ni Mwalimu Mwanzia, mstaafu aliyefundisha hesabu maisha yake yote na ambaye ametumwa na chama cha walimu wastaafu. Akisema ndiyo, walimu wote wanatoa. Akisema hapana, hata mke wake hatoi.

Wa pili ni Faysa, ambaye mji mzima humwita Mama Najah. Ana duka la jumla, ana malori, na anafanya biashara ya ng'ombe kutoka Garissa mpaka Bisil. Mama Najah hajawahi kununua kitu bila kukishika kwanza.

Roy alisimama akaeleza vizuri, sitamnyima haki yake. Alisema soko dogo lilianzishwa kwa ajili ya kampuni kama yetu, ambazo haziwezi kubeba masharti ya soko kubwa. Masharti ni mepesi, gharama ni nafuu, na mwananchi wa kawaida anapata nafasi ya kumiliki kitu kingali kichanga.

Mwalimu Mwanzia akainua mkono kama mwanafunzi.

"Kijana, umesema masharti ni mepesi. Mepesi kwa nani?"

"Kwa kampuni, Mwalimu."

"Basi kwangu mimi ni mazito. Kila kitu mnachowaruhusu wasiniambie, ni mimi ninabaki nikikisia."

Watu wakacheka. Roy akanywa maji.

"Na jambo lingine," Mwalimu akaendelea. "Niko na hisa za kampuni moja ndogo, jina lake sitalitaja. Kununua ilikuwa dakika moja. Kuuza sasa ni hadithi. Naziangalia kwa simu asubuhi, naziangalia jioni. Haziendi juu, haziendi chini. Zimekaa tu hapo kama jirani asiyesalimia. Nikitaka kutoka, nitamuuzia nani? Wewe?"

"Soko likikua wanunuzi wataongezeka," Roy akajibu.

"Na soko litakua kama watu wataweza kutoka. Sasa nani aanze?"

Nikamtazama Mama Najah, nikitumaini yeye atakuwa mpole.

"Mimi niko tofauti na Mwalimu," Mama Najah akasema. "Mimi sifikirii kutoka. Nikiingia nimeingia. Lakini mimi sinunui karatasi, nanunua mtu. Nailantei namjua, mala yake inauzwa kwa duka langu na hairudi. Nataka kujua mambo mawili tu. Pesa yangu haiingii kwa riba?"

"Hatuna mkopo wa benki, Mama Najah," nikajibu.

"Vizuri. La pili. Nikishakuwa mmoja wa wenye kampuni, nani ananiambia ukweli? Dukani kwangu naona kila kitu. Huku nitaona nini?"

"Hiyo ndiyo kazi ya mshauri," nikasema haraka. "Roy ni mtu wa nje kabisa. Hana ndugu kwetu, hana rafiki kwetu, hana chochote kwetu. Macho yake ni macho yenu."

Laiti ningenyamaza hapo.

Mlango ukafunguliwa, Mzee Parsaoti akaingia na shuka lake zuri la Jumapili na rungu mkononi. Ukumbi wote ukasimama. Niliinamisha kichwa akanigusa utosini, akampita Mwalimu Mwanzia, akampita Mama Najah, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Roy na mikono imefunguliwa.

"Pakiteng," akasema.

"Pakiteng," Roy akajibu kwa fahari zote, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni.

Mama Najah akaweka kikombe chini. Nimewaambia mama huyu ameuza ng'ombe Bisil, kwetu Umaasaini, miaka na mikaka.

"Mshauri," akauliza taratibu, "huyo ng'ombe uliyepewa ni wa rangi gani?"

"Mweusi," Roy akasema, "ana baka jeupe." Halafu akaona sura yangu na tabasamu likamkauka.

"Ng'ombe gani?" Mwalimu Mwanzia akauliza.

"Ni ya picha tu, Mwalimu. Ni kama ile ya wanasiasa."

Mzee Parsaoti alikuwa ameshaketi. Aligeuka akamtazama Roy kwa upendo wa baba.

"Picha gani, Pakiteng? Ng'ombe wako anakula vizuri. Nimempandisha juzi kwa dume langu lile kubwa. Mungu akipenda utakuwa na ndama."

Roy alinigeukia. Kama macho yangeuma, leo ningeandika hii hadithi kutoka hospitali.

"Nailantei, uliniambia nini?"

Nilikuwa nimevutiwa ghafla sana na sahani ya mandazi.

Mwalimu Mwanzia alisimama na miwani yake mkononi. Sauti yake haikupanda, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha.

"Sasa mmenionyesha kwa nini sisi watu wa nje tunaogopa hizi kampuni ndogo. Wenye hisa wawili walikuwa mke na mume. Mwenyekiti ni rafiki ya baba. Nikasema sawa, angalau kuna mshauri. Kumbe mshauri ndiye ameingia kwenye ukoo na ng'ombe mwenye mimba. Mimi naenda kuwaambia walimu wanunue ploti."

Viti vikaanza kusogezwa. Watu wa nyuma walikuwa tayari wanafunga mandazi kwa tishu.

"Ngojeni," Roy akasema. Alikuwa amegeuka rangi, lakini alisimama wima. "Hilo ni kosa langu. Nilipokea bila kuuliza. Ninamrudisha huyo ng'ombe leo hii, sasa hivi, na ripoti itaandikwa vile inavyopaswa."

Mwalimu akasita. "Unamrudisha?"

"Leo."

Watu wakaanza kuketi tena. Kwao mambo yalikuwa yamerekebishika. Kwangu yalikuwa yameharibika vibaya zaidi, kwa sababu Mzee Parsaoti alikuwa ameweka rungu lake juu ya meza na kuniuliza kwa Kimaasai, polepole, kana kwamba anatumaini masikio yake yamezeeka, "Amesema anarudisha?"

Kumrudishia mtu ng'ombe aliyekupa si kama kurudisha shati dukani. Ni kumwambia mbele ya watu kwamba mkono wake ni mchafu, kwamba unaliombea boma lake mabaya. Mzee angetoka kwenye ule mlango na asingerudi. Hisa zake zingetoka naye, na kesho yake asubuhi mitungi yangu ya maziwa ingekaa mitupu, kwa sababu akina mama wangejua kabla ya jogoo.

Nilikuwa na mambo mawili mbele yangu. Roy akibaki na ng'ombe, wawekezaji wanaondoka. Roy akimrudisha, Mzee anaondoka. Na kila mlango ambao mmoja wao angetokea, Samuel angeingilia huo huo.

Basi nikasimama. Sijui maneno yalitoka wapi, lakini yalitoka.

"Mwalimu, uko na haki ya kukasirika, na ukasirike na mimi. Roy hakujua. Mimi nilijua nikamdanganya, kwa sababu nilitaka ripoti tamu. Hiyo nimekubali mbele ya watu wote."

Mwalimu akavaa miwani ili anione vizuri.

"Lakini huyo ng'ombe harudi. Wacha niwaambie Pakiteng ni nini, ndio mjue mnanunua hisa za watu wa aina gani. Mzee huyu alimpa baba yangu ng'ombe wakiwa vijana. Ukame ulipomaliza ng'ombe wa baba, hakuna benki iliyokuja. Alikuja Mzee Parsaoti. Baba hakuandika barua, hakuweka shamba rehani. Aliomba, akapewa. Mzee naye alipougua, baba aliuza fahali wake wa mwisho akampeleka hospitali. Kwa Pakiteng hakuna neno hapana. Hakuna. Siku mtu atakapomnyima Pakiteng wake, hapo ndipo nyinyi mnapaswa kukimbia, kwa sababu mtu anayeweza kuvunja hilo anaweza kuvunja chochote mlichoandikiana naye."

Mzee Parsaoti alikuwa ameegemea kwa mbele, mikono juu ya magoti, ananisikiliza neno kwa neno.

"Sasa shida yenu si ng'ombe," nikaendelea. "Shida yenu ni kufichwa. Basi tusifiche. Iandikwe kwenye ripoti kwamba mwenyekiti na mshauri ni Pakiteng. Iandikwe ni ng'ombe gani na amepandishwa na dume gani. Mnunuzi asome, aamue mwenyewe." Nikamgeukia Mzee, ambaye namwita papa kama baba mzazi. "Papa, huyo ng'ombe alikuwa wa kampuni au wako?"

"Wangu," Mzee akasema. "Mama yake alizaliwa kwangu."

"Roy, kama si mali ya kampuni, na ikitangazwa, ripoti itakubalika?"

Roy alifikiri. Alikuwa bado ana hasira na mimi, lakini ni kijana mkweli.

"Siwezi kutia sahihi peke yangu tena. Lakini mwenzangu ofisini anaweza kuchunguza upya kila kitu nilichoandika, na sahihi ikawa yake. Kama wakubwa wangu watakubali, na kama kila kitu kiko wazi, inawezekana."

"Na ng'ombe?"

Roy akamtazama Mzee. "Nimeelewa sasa. Ng'ombe ni wangu." Halafu akaongeza kwa unyenyekevu, "Pakiteng, samahani. Sikujua."

Mzee akamshika mkono, na mimi nikapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Mama Najah akagonga meza kwa kidole. "Mimi nimefurahi," akasema. "Nimekaa kwa mikutano mingi ya hisa, watu na tai zao, na nimetoka bila kujua nani ni nani. Leo nimejua mpaka mimba ya ng'ombe. Soko likiwalazimisha watu kusema mambo kama haya, hiyo peke yake ni faida. Niandike."

Niandike. Msomaji, hilo neno lilinipanda kichwani kama pombe ya mnazi. Niliona mala ya Naaoto kwenye maduka ya Nairobi. Nilimwona Samuel akinunua pakiti yake, akisoma jina langu nyuma.

Watu wa nyuma wakafungua tena mandazi yao.

"Mwalimu?" nikauliza.

Mwalimu Mwanzia alikuna kidevu. "Umeongea vizuri, sitakataa. Kama ungekuwa darasani kwangu ningekupa adhabu ya uongo halafu nikupe zawadi ya maelezo. Lakini mimi ni mtu wa hesabu. Tukisema tunatangaza, tunatangaza yote. Hatutangazi ng'ombe mmoja tukaficha kundi. Nataka kujua mwenyekiti ana Pakiteng mwingine anayehusika na hii kampuni."

Nilicheka. Kwa kweli nilicheka, kwa raha ya mtu aliyeshinda.

"Muulize mwenyewe, Mwalimu. Mzee hana siri."

Mzee Parsaoti alitabasamu. Alionekana ametulia kuliko alipoingia, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Wengi wamekufa," akasema. "Baba yake huyu amekufa. Lakini tangu mvua ianze nimetoa ng'ombe kwa watu wawili. Huyu hapa, na mwingine kabla yake."

"Nani?" Mwalimu akauliza.

"Samuel."

Sikusikia vizuri, au nilisikia nikakataa. "Samuel gani, papa?"

"Samuel wako. Yule mliyeachana."

Nikatafuta kiti kwa mkono, nikakikosa, nikakipata. Hata sasa nikiandika naona uchungu.

"Alikuja kwangu analia," Mzee akaeleza, bila haraka, akiwaangalia wawekezaji kwa sababu waliomba kila kitu kiwe wazi. "Alisema amekukosea, na amenikosea mimi kwa sababu mimi ndiye niliyesimama na baba yako siku ya harusi. Mwanaume akilia kwa boma lako utafanya nini? Nikampa ng'ombe aende aanze upya."

"Hukuniambia."

"Ungeniambia nimnyang'anye."

Hapo alikuwa na ukweli, ningemwambia hivyo, tena kabla hajamaliza sentensi.

"Jana akaja tena," Mzee akasema. "Hakulia jana. Aliniomba kitu."

Roy aliacha kuandika. Yeye ndiye aliyeuliza. "Alikuomba nini, Pakiteng?"

"Hisa zangu. Zote. Ati atazilipia bei nzuri, lakini bei haikuwa neno. Neno ni kwamba aliomba."

"Na ulimjibu nini?" nikauliza.

Mzee Parsaoti akanigeukia. Macho yake yalikuwa mapole, na hicho ndicho kitu ambacho sitamsamehe kwa haraka.

"Nilimwambia nitamjibu leo. Usiku mzima sikulala, nakerai, mwanangu. Asubuhi nikaamua kumnyima. Nilijiambia mambo ya Pakiteng ni ya sisi wazee, nyinyi mmesoma, mko na makaratasi na masoko, hamjali tena. Nikajiambia, kwa ajili ya baba yako, nitavunja. Nilikuja hapa kukuambia hivyo. Ndiyo sababu nilichelewa, nilikuwa natafuta maneno."

Akachukua rungu lake kutoka mezani akaliweka juu ya mapaja.

"Lakini nimekukuta umesimama mbele ya watu wote hawa, unasema kwa Pakiteng hakuna hapana. Unasema mtu akivunja hilo, watu wamkimbie. Sijawahi kusikia mtu akisema vizuri hivyo, hata baba yako. Nimeona haya kwa lile nililokuwa nataka kufanya."

Hakuna aliyegusa chai. Mwalimu Mwanzia alivuta kiti chake karibu.

"Basi niambie wewe," Mzee akasema. "Nikimnyima Samuel, huyu kijana naye aweze kunirudishia ng'ombe wangu, kwa sababu Pakiteng si kitu tena. Nisipomnyima, wewe unajua kitakachotokea. Nifanye nini? Na ujibu haraka kidogo. Nilikuja na gari la Samuel, na anangoja jibu hapo nje."

Kwenye ngazi za nje nilisikia viatu vikipanda, taratibu, bila wasiwasi wowote. Ni viatu vya kahawia. Nilimnunulia mimi mwenyewe.